Shlisel hala: ule mkate wa ufunguo baada ya Pasaka ya Kiyahudi, maana yake na namna ya kuupika

Kila mwaka ikifika mwezi wa nne napata meseji za wenzangu wanaolea wazee kwenye nyumba za Wayahudi huku Marekani, na swali linakuwa lilelile, "dada, bibi yangu kachukua ufunguo kautia kwenye unga wa mkate, ndo kaanza kupoteza kumbukumbu au kuna mambo?" Jamani, hapana. Bibi yuko timamu na mambo hakuna. Ni mila, ina jina, ina sababu zake, na ukiielewa utaona iko karibu sana na kitu ambacho sisi tunakisema kila asubuhi tukifungua duka.

Mimi si Myahudi, ni mtu wa Tanga niliyekulia kwenye mofa na mkate wa ufuta, nikaja huku kubeba boksi kama wengine na mwisho nikaangukia kulea bibi mmoja hapa Baltimore, kwenye mitaa ambayo Ijumaa jioni unaona familia nzima zinatembea kwa miguu kwenda sinagogi. Namwita bibi tu kwa sababu mzee wa rika lile siwezi kumtaja jina, na yeye shikamoo yangu anaiitikia marahaba bila kukosea. Yeye ndiye aliyenifundisha huu mkate, nusu kwa maneno nusu kwa kunipiga mkono nikikosea, kwa hiyo ninayoandika hapa ni ya jikoni pamoja na yale niliyosoma baadaye ili nijue ninakanda nini.

Kwanza mkate wenyewe ni upi

Pasaka yao si ile ya Wakristo, ni kumbukumbu ya kutoka Misri, na inakaa siku 7 wakiwa Israeli na siku 8 wakiwa nje. Siku zote hizo hawali, hawaweki, hata kumiliki hawamiliki kitu chochote cha ngano au shayiri na jamii zake (nafaka ni 5 kwa jumla) kilichopata maji kikaachwa kuumuka, chenyewe wanakiita hametzi. Wanakula matza tu, mkate mkavu kama karatasi ngumu ambao tangu maji yaguse unga mpaka uive zisipite dakika 18. Sasa wiki nzima ya kutafuna matza, halafu inakuja Sabato ya kwanza baada ya Pasaka (Sabato yao inaanza Ijumaa jioni mpaka Jumamosi jioni), ndo mkate wa hamira unarudi mezani. Mkate wao wa Sabato unaitwa hala, ile h yake inatoka kooni kama kh ya kheri. Na huo wa Sabato hiyo moja tu ndio shlisel hala. Shlisel ni ufunguo kwa Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, mwili wake Kijerumani na ndani kumejaa Kiebrania, na wanaiandika kwa herufi za Kiebrania kama wazee wetu walivyoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu.

Watu wengine wanaufinyanga mkate wenyewe uwe na umbo la ufunguo, wengine wanachukua ufunguo wa kweli wanaugandamiza juu ya donge uache alama, wengine wanauzungushia karatasi wanauoka ndani kabisa, na wapo wanaosuka hala yao kama kawaida halafu wanapanga ufuta juu kwa umbo la ufunguo. Zote ni sawa.

Sasa kwa nini ufunguo

Hapa ndo penye utamu, vumilia kidogo kabla hujashika unga.

Unajua ile mana, chakula kilichoshuka kutoka mbinguni jangwani. Miaka 40 watu hawalimi, hawapandi, asubuhi unatoka nje unaokota. Soma Yoshua 5:11-12 utaona ilipokoma, ni palepale walipovuka wakaingia nchi yao, wakafanya Pasaka, wakala mazao ya nchi na kesho yake mana haikuonekana tena. Yaani bure imeisha siku za Pasaka. Kuanzia hapo ni jembe, mvua, soko na jasho.

Ndo maelezo aliyoyatoa rabi Avraham Yehoshua Heschel wa Apt, mji ulioko Poland, mmoja wa wakubwa wa Wahasidi, kundi la Wayahudi washika dini lililoanzia Ulaya Mashariki, aliyefariki 1825. Katika mafundisho yake yaliyokusanywa kwenye kitabu Ohev Yisrael anaizungumzia mila hii kama kitu cha zamani ambacho watu wameshazoea, yeye anachofanya ni kutafuta sababu tu. Anasema baada ya Pasaka ile watu walianza kuhitaji riziki ya kutafuta, na kila kitu kina mlango wake na mlango una ufunguo, basi mkate una alama ya ufunguo kumwomba Mungu afungue mlango wa riziki. Nilipolisikia neno lao, parnasa, nikamwuliza bibi maana yake, akanieleza dakika tano nzima kwamba ni pesa lakini si pesa, ni kazi lakini si kazi, ni kile ambacho Mungu amekuandikia kiingie mkononi. Nikamwambia bibi, sisi hilo tuna neno moja tu, riziki. Akalirudia mara tatu.

Kuna na Talmudi, mkusanyo wao mkubwa wa zamani wa mafundisho ya wahenga, kwenye Taanit 2a, inasema ziko funguo 3 ambazo Mungu hampi mjumbe yeyote azishike, ya mvua, ya uzazi, na ya kufufua wafu. Halafu inaongeza kwamba kule magharibi, yaani nchi ya Israeli ukilinganisha na Babeli walikokaa hao waandishi, walikuwa wanataja na ya nne, ufunguo wa riziki. Kwa hiyo picha ya ufunguo na riziki haikuzuka jikoni kwa mtu, ilikuwepo vitabuni muda mrefu.

Ya tatu ni ya wimbo. Siku za Pasaka wanasoma Wimbo Ulio Bora, na sura ya 5 mstari wa 2 mpenzi anagonga mlango anaomba afunguliwe. Wahenga wao wakaufasiri kwamba Mungu anawaambia, nifungulieni tundu dogo kama tundu la sindano, mimi nitawafungulia malango ambayo magari ya mizigo yanapita. Bibi anaipenda hii kuliko zote, akitoboa donge lake kwa ncha ya ufunguo anasema tundu langu hilo, sasa zamu yake.

Nyingine inatajwa kwa jina la rabi Pinchas wa Korets, aliyeishi karne ya 18 huko Ukraine, kwamba malango ya juu yaliyofunguliwa usiku wa Pasaka yanabaki wazi mpaka Pasaka ya pili, tarehe 14 ya mwezi wao wa Iyari, ile siku ambayo zamani waliokosa kutoa sadaka ya Pasaka walipewa nafasi ya kufidia. Na ule ufuta wa juu ni mana, kwa sababu Kutoka 16:31 inasema mana ilikuwa kama chembe za mtama, yaani punje ndogo nyeupe.

Mimi nikizipanga zote naona kitu kimoja, huu ni mkate wa siku ambayo chakula cha bure kimekatika. Watu wengi mtandaoni wanauuza kama mkate wa kuvuta pesa, weka ufunguo upate utajiri, hapana, hiyo ni kuigeuza dua kuwa hirizi.

Na usidhani Wayahudi wote wanaujua. Ni mila ya wa Ulaya Mashariki hasa Wahasidi, haiko kwenye Talmudi, haiko kwenye Shulhan Aruh ambacho ndo kitabu chao kikubwa cha sheria, na wapo marabi wanaoikataa waziwazi wanaona inanuka ushirikina, wengine wanaenda mbali wanasema imeigwa kwenye mikate ya Pasaka ya Kikristo yenye msalaba. Hilo la kuigwa sijaona ushahidi wa kushika mkononi, mkate wenye alama uko kila mahali duniani. Lakini ukikuta nyumba ambayo haiufanyi usiwalazimishe kwa kujidai mjuzi. Wayahudi wa asili ya Morocco kwa mfano wao wana Mimuna, usiku uleule Pasaka inapoisha milango inaachwa wazi, majirani wanaingia na kutoka, na kinapikwa kitu kinaitwa mufleta, chapati nyembamba sana ya kula na siagi na asali, ukiiona utasema ni chapati ya maji iliyokwenda shule. Hapo napo wanaombeana kufanikiwa. Njia nyingine, hamu ileile.

Haya, twende jikoni.

Hatua ya 1: tarehe, usije ukakanda wiki isiyo yake

Ni Ijumaa ya kwanza baada ya Pasaka kuisha. Mwaka 2026 Pasaka nje ya Israeli inaisha Alhamisi usiku tarehe 9 Aprili, kwa hiyo mkate ni Ijumaa tarehe 10. Mwaka 2027 inaisha Alhamisi usiku tarehe 29 Aprili, mkate Ijumaa tarehe 30. Ona hiyo, miaka yote miwili una siku moja tu, kabla ya Alhamisi usiku hamira hairuhusiwi kuingia ndani, na Ijumaa mishumaa inawashwa dakika 18 kabla jua halijazama na baada ya hapo oveni haiguswi. Kwa hiyo anza asubuhi, saa nne isikukute hujakanda. Siku ya nane ya Pasaka ikiangukia Sabato yenyewe, unasubiri wiki nzima, hapo raha.

Hatua ya 2: unga na vyombo

Unga uliokuwa ndani ya nyumba kabla ya Pasaka, kama haukuuzwa, hauliwi tena na Myahudi. Ndiyo, kuuzwa. Kabla ya sikukuu rabi anawauzia hametzi yao mtu asiye Myahudi kwa mkataba kabisa, kabati linafungwa na vitu vinabaki palepale, Pasaka ikiisha rabi anavinunua tena. Sasa usiwe na pupa ukafungua lile kabati jua likizama tu, subiri wenyewe waseme limerudi. Ukitumwa dukani uliza duka gani, kwa sababu duka la Myahudi ambaye hakuuza hametzi yake hawanunui mkate wala hamira hapo. Na vyombo vya Pasaka vinaoshwa vinarudishwa kabatini kwanza, ukikandia unga kwenye bakuli la Pasaka utasikia ukelele wa nyumba ya tatu.

Hatua ya 3: nani afanye nini (hii ni ya sisi tunaofanya kazi humo)

Mkate uliookwa nyumbani na asiye Myahudi peke yake hawali. Suluhisho ni rahisi, mwenye nyumba awashe oveni yeye mwenyewe. Bibi yangu mikono inatetemeka lakini swichi ya oveni ni yake, mimi namsogezea kiti tu. Kukanda, kusuka, kupaka yai, fanya. Mayai vunja moja moja kwenye glasi uangalie, lenye tone la damu linatupwa. Maziwa na siagi usitie hata kijiko, mkate huu unaliwa na nyama na kwao nyama na maziwa havikutani. Na pembeni kidogo, chupa ya mvinyo iliyofunguliwa mezani usiiguse wewe, waache wamimine wenyewe, si dharau ni sheria yao.

Hatua ya 4: kukanda

Bibi anatumia mfuko mzima wa unga wa ngano wa ratili 5, ambao ni kama kilo 2.27, inatoka mikate 6. Vinavyoingia: maji ya uvuguvugu mililita 950, hamira ya chenga vijiko vya chakula 3, sukari kikombe kimoja, mafuta ya kupikia kikombe kimoja, mayai 4, chumvi vijiko vya chakula 2. Ukiwa mwenyewe kata nusu.

Maji, hamira na sukari kidogo zikae dakika 10 mpaka ziote povu, halafu mayai na mafuta na sukari iliyobaki, halafu unga kidogo kidogo, chumvi tia unga ukishaanza kushikana. Kanda dakika 10 hadi 12. Kama umezoea mahamri mkono wako unajua pa kufika, donge liwe laini kuliko la chapati, lisikugande vidoleni, ukilibonyeza lirudi. Usiongeze unga kila likigandaganda, paka mafuta mkononi. Funika, liumuke saa moja na nusu mpaka liwe mara mbili.

Hatua ya 5: kumega kipande

Hapa unakaa pembeni, ni kazi ya mwenye nyumba. Inatoka Hesabu 15:17-21, malimbuko ya unga yaliyokuwa ya kuhani, na hicho kipande ndicho chenyewe kinaitwa hala, mkate ulichukua jina kwake. Chini ya kilo 1.2 hivi ya unga hawamegi. Kuanzia hapo wanamega bila baraka, na ukifika kama kilo 1.67 wengi wanasoma baraka, wengine mpaka kilo 2.25, ndo maana mfuko wa ratili 5 unapendwa, unavuka mipaka yote. Kinamegwa kipande kama zaituni, gramu 30 hivi, kinafungwa kwenye foili kinachomwa, na kisichomwe pamoja na mikate. Bibi akimega ananyamaza kidogo anataja majina ya watu, wagonjwa, wanaotafuta mtoto, wanaotafuta kazi. Mwaka jana nikasikia na la mdogo wangu wa Tanga alilitaja, sikujua kama analikumbuka.

Hatua ya 6: ufunguo

Gawa donge mara 6. Mikate 5 suka kawaida kwa nyuzi 3, au 6 kama umesuka ukili utotoni, mimi vidole viliingia vyenyewe bibi akashangaa nimejifunzia wapi, nikamwambia kwenye mkeka.

Wa 6 ndo ufunguo. Ongeza unga kidogo liwe gumu zaidi ya mengine. Viringisha kamba nene ya sentimita 30, ncha moja ikunje duara kubwa lenye tundu la kupita mayai mawili, maana likiumuka tundu linaziba. Ncha ya pili bandika vipande viwili vifupi viwe meno, chini yake paka maji vishike. Usiuache uumuke muda mrefu, dakika 20 zinatosha. Mwaka wangu wa kwanza niliuacha saa nzima ukatoka upawa.

Ukitaka ufunguo wa chuma, njia salama ni kuugandamiza juu ya donge ukiwa umeoshwa na kuchemshwa, ukiwa umefungwa foili, halafu unautoa kabla ya kuoka. Shaba nyeupe ya funguo nyingi ina madini ya risasi ndani, ambayo ni sumu, usiiache iguse mkate kwenye moto. Wa kuoka ndani sikushauri kabisa ukiwa na mzee mwenye meno ya bandia au mtoto, na ukishikilia basi foili mbili, ufunguo mkubwa usiomezeka, wa chuma kitupu usio na plastiki, mkate uwekwe alama, na kila mtu mezani aambiwe. La mwisho, tafadhali uwe ufunguo wa kufuli lililokufa. Mimi niliuchukua ule uliokuwa umening'inia mlangoni, nikauoka vizuri kabisa, Jumamosi asubuhi mjukuu anataka kutoka kwenda sinagogi mlango wa nyuma haufunguki, ufunguo uko ndani ya mkate wa mchana. Tukatokea mlango wa mbele. Mlango wa riziki nimeuomba ufunguliwe, wa nyuma nimeufunga mwenyewe.

Hatua ya 7: kuoka

Mikate iliyosukwa iumuke tena dakika 45. Paka yai lililopigwa, ngoja dakika tano, paka tena, nyunyiza ufuta bila uchoyo. Oveni nyuzi 180 za Selsiasi, mikate mikubwa dakika 35 mpaka 40, ufunguo dakika 20 tu mpaka 25. Ugeuze ugonge tumbo, ukilia kama ngoma umeiva.

Hatua ya 8: mezani

Inawekwa mikate miwili, kwa sababu Ijumaa mana ilishuka mara mbili, na inafunikwa kitambaa juu na kuwekewa kitu chini kama mana ilivyokaa katikati ya umande. Baraka ya mvinyo kwanza, kunawa mikono, halafu kimya, baada ya kunawa hawaongei mpaka mkate uliwe, kwa hiyo usimwulize bibi kama anataka mto wa kiti muda huo, atakuonyesha kwa macho. Baraka ya mkate, unakatwa, unachovywa chumvi, unagawiwa.

Ule wa ufunguo hauna kanuni ya nani akate. Kwetu watoto wanagombania meno, duara anapewa mgeni, na mgeni mwenyewe miaka mitatu hii nimekuwa mimi. Uliobaki Jumapili uchovye kwenye yai ukaange, mkavu unafaa zaidi kuliko laini.

Ule ufunguo wa mlango wa nyuma bibi hakurudisha tena msumarini, alikwenda kuchonga mpya akauweka wa zamani kwenye kopo la unga, una ufuta mmoja umegandia kwenye jino la pili hautoki.